Dumu Namba Thelathini na Tatu

Jumatatu, 13 Mei 2024. Ikungi

Daktari Obadia, msimamizi wangu, amenipigia simu kutoka chuoni Arusha kunikumbusha kwamba daftari la maabara si mahali pa kuandika kuwa mtoto ana mafua. Aliona picha ya ukurasa niliomtumia wiki iliyopita. Nikaona haya, kisha nikakasirika, kisha nikaenda sokoni kununua daftari hili. Humu nitaandika mafua yote ninayotaka.

Kazi yangu, ili nikija kuisoma uzeeni nisijishangae, ni kupika maganda ya alizeti. Mume wangu Paschal ananiletea gunia kutoka kwenye mashine ya kukamua mafuta anakofanya kazi. Nayaunguza, nayasaga, nayapika kwa maji kwenye chungu cha chuma chenye mfuniko wa skrubu, saa sita nzima. Kinachochujwa mwisho ni maji ya rangi ya chai hafifu, yenye chembe za kaboni ndogo kiasi kwamba hakuna darubini hapa Ikungi itakayoziona. Ukizimulika kwa tochi ya zambarau, ile wanayokagulia noti bandia, zinawaka buluu. Ukitia mkojo wenye adrenalini na ndugu zake, yaani zile kemikali ambazo mishipa ya fahamu hupelekeana habari kwazo, buluu inafifia. Kemikali zikizidi mno, buluu inazimika. Mashine ndogo, saizi ya kibakuli cha chakula cha mwanafunzi, inasoma mwanga umepungua kiasi gani.

Kuna watu wenye uvimbe mdogo juu ya figo unaomwaga kemikali hizo kwa mafungu. Mtu anashinda mzima, ghafla robo saa ya jasho, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, presha inapaa, halafu kwisha. Huku kwetu wataambiwa ni presha, au wamelogwa, wengine wanaombewa. Nataka kipimo ambacho zahanati yoyote inaweza kuwa nacho. Nahitaji watu arobaini wa kuthibitisha kwamba kinafanya kazi. Ninao thelathini na wawili.

Elisha bado ana mafua.

Jumatano, 15 Mei

Upepo. Vumbi limeingia hadi kwenye mashine ya kusoma mwanga. Nimeifunika kwa kanga yangu nzuri.

Jumamosi, 18 Mei. Sepuka

Tumekuja kwa wakwe kusaidia kupiga alizeti. Vichwa vimekauka vizuri, vimerundikwa juu ya turubai, tunavipiga kwa fimbo na mbegu zinaruka hadi masikioni. Baba mkwe, Mzee Antipasi, ana miaka sitini na minane na anapiga kama kijana anayetafuta mchumba. Nilimwamkia nikiwa mbali, nimepiga magoti kidogo, macho chini. "Marahaba, mama Elisha. Mjukuu wangu anakula?" Nikasema anakula. Hayo ndiyo mazungumzo yetu kwa miaka sita. Nampenda yule mzee, lakini sijawahi kukaa naye benchi moja. Katika nyumba hii mkwe haingii chumba cha baba mkwe, hatandiki kitanda chake, hafui nguo zake za ndani, wala hamtaji kwa jina. Jina lake naliandika humu kwa wizi.

Saa tano aliinua gunia. Akaliachia. Akakaa chini, uso mweupe kama aliyepakwa majivu, jasho linamtiririka kwenye upepo huu ambao sisi wengine tumevaa masweta. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Mshipa wa shingo ulikuwa unapiga hivi kwamba niliuona kutoka upande wa pili wa turubai. Wote waliacha fimbo. Nilitaka kwenda kumshika mkono nihesabu mapigo, lakini ni baba mkwe. Sikwenda.

Baada ya dakika kumi na tano alinyanyuka, akaomba maji, akaomba ugoro wake, akasema kazi haijaisha.

Mama mkwe aliniambia jikoni, "Ni kawaida yake hiyo. Mwaka wa pili sasa. Inakuja, inapita."

"Anapewa dawa gani, mama?"

"Za presha. Akienda kupimwa wanamwambia presha yake nzuri, anarudi anatukejeli."

Nilikuwa nachambua mchicha. Niliendelea kuuchambua mpaka ukabaki mabua.

Jumatatu, 20 Mei

Nimemwambia Paschal kwamba baba yake anahitaji kukusanya mkojo wa saa ishirini na nne.

"Mwambie," akasema.

"Mimi?"

"Mimi siwezi kwenda kumwambia baba habari za mkojo wake, Belinda. Ataniuliza nimelewa."

"Basi amwambie kaka yako Nathanaeli."

"Nathanaeli ndiye hathubutu kabisa." Akafikiri. "Mwambie mama, yeye atajua pa kupitia."

Jumamosi, 25 Mei. Sepuka

Leo nimempa mama mkwe dumu. Lina matone ya asidi ndani, nimemweleza asiliguse kwa ndani, liwekwe kivulini karibu na mtungi, kila mkojo uingie humo tangu asubuhi hadi asubuhi ya pili, na siku tatu kabla baba asinywe chai, asile ndizi, asivute ugoro. Alisikiliza kwa makini kama anavyosikiliza mahubiri.

Halafu akauliza ni ya nini.

Hapo nilibabaika. Kumwambia mama mkwe kwamba nimeutazama mwili wa mumewe shambani, nimeona mshipa wa shingo yake na nina mawazo kuhusu figo zake, sikuweza. Nikasema, "Ni ya masomo yangu, mama. Nahitaji watu arobaini, nimepungukiwa wanane. Nimeona nianze nyumbani kwa baba."

Uso wake ulifunguka. "Kumbe ni shule! Mbona jambo dogo. Mtoto wetu hawezi kukwama kwa jambo dogo hivi."

Nimerudi Ikungi nimefurahi. Nimejipongeza kwa ujanja wangu: sikumvunjia mtu heshima na nitapata nilichotaka.

Alhamisi, 30 Mei

Dumu limefika kwa gari la alizeti, ndani ya kikapu, limefunikwa kwa kitenge na juu yake kuku wa kienyeji amefungwa miguu. Mama mkwe ni mtu wa namna hiyo, hakutumii kitu kikaja peke yake. Dumu limejaa hadi kwenye mstari.

Nimeliandika namba thelathini na tatu. Mwanaume, miaka 68. Niliweka matone kwenye kichupa cha chembe, nikazima taa, nikafunga pazia, nikawasha tochi.

Buluu. Buluu safi kabisa, kama ile ya kichupa cha maji matupu. Nimerudia mara tatu na mashine imesema vilevile mara tatu. Hana uvimbe. Nimekaa kwenye stuli nimelia kidogo kwa furaha, kisha nimemchinja kuku.

Jumapili, 2 Juni

Kanisani. Baridi.

Alhamisi, 6 Juni

Elisha amepona, mafua nimeyachukua mimi.

Jumatatu, 10 Juni

Baba mkwe ana ngiri, ya siku nyingi, alikuwa anaificha. Jumamosi ilibana, akalia kwa sauti, jambo ambalo mama mkwe anasema hajalisikia katika miaka arobaini na mmoja ya ndoa. Wamempeleka hospitali ya misheni, imerudishwa ndani kwa mkono, lakini daktari amesema ikibana tena haitarudi, inabidi apasuliwe. Wamempa tarehe kumi na nane.

Shida ni Fabiano, mganga wa zahanati ya kijijini. Yeye aliwahi kumkuta mzee katikati ya yale mashambulizi na presha ikasoma mia mbili ishirini. Ameandika kwenye barua ya rufaa kwamba kabla ya kupewa dawa ya usingizi, mzee apelekwe Dodoma akapigwe picha ya tumbo. Fabiano ni kijana mkorofi anayebishana na kila mtu, na nimekuwa nikimpenda kwa hilo.

Kikao cha wanaume kimekaa nyumbani kwa Nathanaeli. Mzee mwenyewe hataki Dodoma. Anasema amekwisha kukaguliwa vya kutosha, watu wanataka kumfanya gari bovu. Paschal alinipigia kutoka huko huko kikaoni.

"Wewe si ulimpima baba hayo mambo ya Fabiano?"

"Nilimpima."

"Yakasemaje?"

"Yalikuwa safi. Lakini kipimo changu bado ni cha utafiti, Paschal. Si cha hospitali."

"Unakiamini au hukiamini?"

Ningeweza kusema mengi hapo. Miaka miwili nimepika maganda. Watu thelathini na watatu. Kila mmoja ambaye hospitali kubwa ilimthibitisha, chembe zangu nazo zilimwona. Nilisikia sauti za wanaume nyuma yake zikinyamaza kunisubiri, na sitaficha humu, nilisikia raha.

"Nakiamini," nikasema.

Safari ya Dodoma imefutwa.

Ijumaa, 14 Juni

Fabiano amenitafuta. "Dada Belinda, una uhakika ulipima vizuri?" Nimemjibu vibaya. Nimemwambia arudi chuo akasome, ndipo aje kunifundisha.

Jumanne, 18 Juni. Hospitali

Nitaiandika yote, kwa sababu nisipoiandika leo nitaanza kuibadilisha kichwani.

Alfajiri upepo ulikuwa mkali hadi mabati ya wodi yakalia. Tulikuwa watano kwenye benchi la nje: mama mkwe, Nathanaeli, Paschal, dada yao Hana na mimi. Pendo, rafiki yangu wa maabara ya hapo, alipita na trei ya vichupa vya mkojo wa wagonjwa wa upasuaji, akanikonyeza. Amekuwa akiniwekea mikojo inayobaki ya wagonjwa wake kwa ajili ya kulinganisha, kwa kibali, bila majina. Nilimkonyeza na mimi. Nilikuwa na utulivu wa kipumbavu.

Walimtoa wodini kwa kitanda cha magurudumu. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani linalofungwa nyuma, na mimi nikageuza uso ili nisimwone amevaa hivyo. Nilimsikia akisema, "Mama Elisha yupo?" Paschal akasema yupo. "Mwambieni asante kwa vipimo vyake. Nakwenda bila wasiwasi." Kumbe walikuwa wamemwambia vyote ni safi, vya hospitali na vyangu, kwa mkupuo mmoja, na yeye akapokea hivyo hivyo bila kuuliza. Sikugeuka kumjibu. Nilisema tu, "Haya, baba," nikitazama ukuta.

Ilikuwa kazi ya dakika arobaini na tano, walisema. Ilipita saa moja. Muuguzi alitoka akikimbia, akarudi na chupa mbili. Hana akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo na mama mkwe akamwambia anyamaze, hapa si msibani. Ilipita saa moja na nusu.

Daktari alitoka amevua kofia. Alimwendea Nathanaeli, mkubwa, kama inavyotakiwa. Alisema walikuwa wamekwisha kumlaza usingizi vizuri. Walipoanza tu, presha ilipanda ghafla, ikapita kiwango cha juu cha mashine. Waliishusha, ikapanda tena. Halafu ikaanguka yenyewe na moyo ukasimama, na wamejaribu dakika thelathini na tano kuurudisha. Alikuwa na damu kidogo kwenye mkono wa shati. Akauliza, "Hakuwa na historia ya presha ya kupanda na kushuka? Barua ilikuwa imetaja, lakini mlisema amefanyiwa kipimo."

Nathanaeli akanitazama. Paschal hakunitazama.

"Kilikuwa safi," nikasema.

"Basi pengine ni moyo wenyewe," daktari akasema. "Ni mtu mzima."

Mama mkwe hakuelewa mpaka Hana alipopiga kelele. Kisha alivua kanga ya begani akaitandika sakafuni, akakaa juu yake kwa utaratibu, kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

Alhamisi, 20 Juni. Sepuka

Tumemzika.

Jumanne, 25 Juni

Mama mkwe hali. Nampikia uji, anaushika mpaka unapoa, ananirudishia kikombe na kunishukuru.

Jumatatu, 1 Julai. Ikungi

Nimerudi kazini. Obadia amenipa pole halafu ameuliza kuhusu ripoti. Simlaumu, hajui kusema kitu kingine. Baridi ya asubuhi imezidi, mikono inakakamaa kwenye vichupa.

Jumatano, 3 Julai

Pendo amenitumia sanduku la vichupa vinane vya Juni, vimetiwa asidi, vimekaa kwenye friji yake, namba tu bila majina. Kazi ya kuchosha, watu wa ngiri na mabusha, wanne wa kwanza wote buluu.

Cha tano kimezima.

Sikuona hata kivuli cha buluu. Nilidhani nimesahau kuweka chembe. Nikarudia, kikazima. Nikapunguza kwa maji mara kumi, kikazima. Mara hamsini, ndipo mwanga ulipoanza kuonekana kwa mbali, mdogo, mchafu. Katika miaka miwili sijaona kitu kama hiki. Kuna mtu katika mkoa huu anatembea na uvimbe unaomwaga sumu kiasi hiki na hajui. Amepasuliwa na Mungu kamvusha, na lazima apatikane kabla hajapasuliwa tena. Nilipiga makofi peke yangu chumbani. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nimecheka, nikajisikia vibaya kwa kucheka, nikacheka tena.

Nimempigia Pendo lakini hakupokea, yuko zamu.

Alhamisi, 4 Julai

Pendo amepiga saa nne. Nikamwambia kwa pupa, namba tano, namba tano ni nani, atafutwe leo leo. Nilisikia akifungua daftari lake.

"Pendo?"

"Belinda, uko na mtu hapo?"

"Niambie."

"Ni ya tarehe kumi na nane asubuhi. Ni ya mzee wenu."

Ijumaa, 5 Julai

Nimeutoa kwenye friji mkojo uliobaki wa dumu namba thelathini na tatu, nikaupima tena. Buluu. Namba tano, giza. Mtu mmoja hawezi kuwa na mikojo hii miwili, tofauti ya wiki tatu tu. Ama Pendo amekosea kuandika, ama mimi, ama dumu halikuwa lake.

Pendo hakosei kuandika.

Jumamosi, 6 Julai. Sepuka

Mama mkwe alikuwa anapepeta alizeti zilizobaki. Amekonda, shingo imekuwa nyembamba. Nilikaa karibu yake nikashika ungo wa pili, tukapepeta muda mrefu, upepo ukitufanyia nusu ya kazi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani na yote yalikuwa yamenipotea.

"Mama, lile dumu nililoleta. Baba alilijaza siku nzima kama nilivyosema?"

Akacheka. Kicheko chenyewe hasa, cha kwanza tangu mazishi.

"Baba yako? Baba yako alilitazama akaniuliza mkwe wake ana akili timamu. Alisema ukishaushika mkojo wake, atakula vipi chakula ulichopika? Atakutazamaje? Nikamwambia mtoto ana masomo, kapungukiwa watu. Akasema, basi mpe wako, wewe si mtu?" Akapepeta. "Nikajaza mimi. Asubuhi hadi asubuhi, sikupoteza hata tone. Na chai niliacha siku tatu, kichwa kikaniuma hapa. Nilijua mmeandika mnataka watu, hamkuandika mnataka wanaume."

Aliweka ungo chini akaniangalia, ana wasiwasi.

"Ulikutosha?"

Nikamwambia, "Ulinitosha, mama."

Jumapili, 7 Julai

Sikwenda kanisani.

Alinisaidia. Nilimwomba anisaidie shule, akanisaidia shule. Ningemwambia mumeo anaumwa, nahofia atakufa, angefanya lingine. Sikusema, kwa sababu niliona haya, nikaziita haya zangu heshima. Fabiano aliuliza kama nina uhakika, nikamtukana. Mimi ndiye niliyemuua baba wa Paschal, na mama yake alinishikia dumu bila kujua.

Jumanne, 9 Julai

Nimemweleza Obadia. Akasema nifute namba thelathini na tatu na kwenye safu ya sababu niandike ukweli. Nimeandika: "Sampuli si ya mhusika. Mtafiti hakumweleza mhusika kusudi la kipimo."

Halafu akasema kwa upole, akijua anachosema, "Lakini ile namba tano, Belinda. Ndiyo matokeo bora tuliyowahi kupata. Kipimo chako kinafanya kazi."

Nilikata simu kabla hajamaliza.

Jumatano, 17 Julai

Paschal hajui. Anakula, analala, ananiuliza kwa nini sili. Ukweli wangu hauna mahali pa kukaa bila kumkalia mama yake.

Jumamosi, 27 Julai. Sepuka

Kikao cha kumaliza matanga. Baada ya kugawana nguo za marehemu, Nathanaeli alisafisha koo. Alisema hataki kumsema mtu, ila watu wanauliza. Fabiano alishauri Dodoma, familia ikakataa kwa sababu ya kipimo cha shemeji. Shemeji atueleze.

Wote walinigeukia. Mama mkwe alikuwa mlangoni na sufuria ya wali; kwake dumu lilikuwa la shule, kipimo cha baba kitu kingine kabisa. Kama ningesema dumu halikuwa la baba, wangeuliza lilikuwa la nani.

"Kipimo changu kilikosea," nikasema. "Hakifanyi kazi. Naomba mnisamehe."

Paschal aliinamisha kichwa. Nathanaeli alisema, "Tumesikia." Na mama mkwe akaweka sufuria chini, akaja kusimama nyuma yangu, akaweka mkono kwenye bega langu mbele ya wanaume wote. "Mwacheni mtoto. Alimhangaikia baba yenu kuliko ninyi nyote. Mashine ni chuma tu, inaharibika."

Kurudi Ikungi Paschal alikaa mbele na dereva, mimi nyuma.

Jumatatu, 29 Julai. Ikungi

Mwalimu Hosea wa shule ya msingi kule Sepuka amerudisha dumu langu. Tupu, limeoshwa. Yeye ndiye angekuwa namba thelathini na nne. Jasho, kichwa, moyo kwenda mbio, tangu mwaka jana, na mara mbili ameanguka darasani. Ameandika kwenye karatasi kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: "Nashukuru mama Elisha, lakini nimesikia kipimo kina kasoro."

Mke wake ana mimba ya miezi saba.

Jumanne, 30 Julai

Mama mkwe amepiga simu asubuhi, nimeitambua sauti yake kwa tabu, ilikuwa nyepesi. Amelala usiku kucha bila kuamka. Amekula viazi vitatu. Anasema tangu kikao amani imerudi kidogo, ameona wanawe hawatagombana.

Nimekaa na simu mkononi. Nikinyamaza, yeye atalala na Hosea atakwenda na uvimbe wake. Nikisema kwa Hosea, habari itafika kwa mama kabla jua halijazama, wanasali kanisa moja. Nimetafuta njia ya tatu tangu saa mbili asubuhi na hakuna.

Jumatano, 31 Julai. Sepuka

Jana jioni nilimwambia Paschal kwanza, yote. Alitoka nje, akarudi, akaniuliza mama anajua? Nikasema bado. Akasema, "Basi usimwache aambiwe na mtu wa nje."

Kwa Mwalimu Hosea nilifika mapumziko ya saa nne. Sikutaja masomo yangu. Nilimtazama usoni, mwanaume aliyenizidi umri, nikamwambia, "Mwalimu, nahofia una uvimbe unaoweza kukuua. Nataka mkojo wako, siyo wa mtu mwingine yeyote, na nataka kukueleza kwa nini." Nikamweleza na kilichompata Mzee Antipasi, na dumu lilikuwa la nani. Alilichukua dumu akaliweka kwenye kabati la chaki na kufunga kwa ufunguo.

Kutoka hapo nikaenda kwa mama. Alikuwa ameniona kwa mbali, ameanza kukoleza moto. Nilimwambia aache moto akae. Nikamwambia bila kuzunguka, kwa Kinyaturu, lugha ya nyumbani, ili nisijifiche nyuma ya maneno ya kitabibu. Mkojo wake ulikuwa wa mtu mzima wa afya. Mimi nikausoma kama wa baba. Ndiyo maana hakupelekwa Dodoma. Kosa ni langu tangu mwanzo hadi mwisho.

Sufuria ilichemka ikafurika na hakuna aliyeiepua.

"Ulijua anaumwa siku ile unaniletea dumu?" akauliza.

"Nilihofia, mama."

"Na ukaniambia ni shule."

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia anaumwa," akasema, "ningemshikia lile dumu mwenyewe, apende asipende. Nimemzalia watoto sita. Ningemwonea haya gani?"

Alininyooshea mkono, nikadhani anataka nimshike, kumbe alikuwa ananionyesha mlango. Nilikaa nje mpaka Paschal alipokuja kunichukua, na mama hakutoka kutuaga.